Usukani Mpya wa Subira

Zamani, kabla halijabadilishwa usukani, basi la Subira liliendeshwa na watu wawili, na abiria wote waliobaki kazi yao ilikuwa dua.

Basi lenyewe halikuzaliwa basi. Lilizaliwa lori la jeshi, likaletwa Mombasa wakati wa vita vikuu, likabeba mapipa ya maji na askari wasiojua waendako, na vita vilipokwisha likatupwa uwanjani liote kutu pamoja na wenzake. Mzee Ghanim bin Salem, mwenye duka la jumla pale Kisauni, ndiye aliyelinunua, akamwita seremala alijengee mwili wa mbao: mabenchi, madirisha ya mapazia ya turubai, na paa la kubebea magunia na kuku. Likapakwa rangi ya kijani, likaandikwa jina lake kipajini. Kuanzia kifuani kwenda nyuma likawa basi la heshima. Kuanzia kifuani kwenda mbele likabaki lori, na tabia zake za ulori halikuziacha.

Tabia mbaya kuliko zote ilikuwa usukani. Ulikuwa umelegea kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Ukiuzungusha kulia, basi halina habari. Ukiongeza, bado. Ukiongeza tena kidogo, linageuka ghafla kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Kwa hivyo Mwarandu, dereva wake tangu siku lilipotoka kwa seremala, alikuwa amejifunza kutoingojea ajali imkute mikono imelala. Kulia kushoto, kulia kushoto, hata barabara iliponyooka kama uzi, mikono yake ilikuwa ikienda na kurudi, ikiutafuta usukani ulipojificha. Abiria wakampa jina la Mwarandu Chekeche, kwa kuwa alikuwa kama mwanamke achekechaye unga. Yeye jina hilo alilipenda. Katika Kisauni nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kulipitisha Subira juu ya daraja la Nyali, lile la zamani lililoelea juu ya maboya ya chuma, bila kukwaruza ukingo, na Mwarandu alilijua hilo vizuri tu.

Tabia ya pili ilikuwa uzito. Kule Junda, barabara ilipokwishia kwenye uwanja wa mchanga, ilibidi basi ligeuzwe. Hapo ndipo Tsuma, utingo wa Subira, alipopata kazi yake kubwa. Wenyewe walimwita tanboi, ingawa boi huyo alikuwa na wajukuu na ndevu zenye mvi. Alikuwa akipanda kidato cha mlango wa dereva, anatia mikono yote miwili dirishani, anaushika usukani pamoja na Mwarandu, halafu wanavuta huku wakipiga kelele, "Harambeee!" Siku hizo neno hilo lilikuwa mali ya makuli wa bandarini, lilikuwa bado halijapanda jukwaani kuhutubia. Abiria waliitikia "Eee!" na wako waliokuwa wamefika zamani lakini hawashuki, wanangojea kuitikia.

Ilikuwa furaha ya kila mtu isipokuwa bega la kulia la Mwarandu.

Bega lilianza kwa kuuma jioni, likaja likauma asubuhi, mwisho likawa haliulizi saa. Mkewe Nyamvula alilikanda kwa mafuta ya mbarika hadi nyumba nzima ikanuka mbarika. Mwarandu hakumwambia mtu. Alijifunza kuvaa shati kwa mkono mmoja, na kikombe cha chai akakihamishia mkono wa kushoto. Huko kwao Ribe, na kanisani kwake, chai ya mkono wa kushoto si dhambi. Barazani kwa Mzee Ghanim ni jambo jingine.

Jioni moja alipokwenda kukabidhi funguo, Mzee Ghanim alimkaribisha barazani kama desturi, akammiminia kahawa, akamnyooshea kikombe. Mwarandu akakipokea kwa kushoto.

Mzee Ghanim hakukiachia kikombe. "Mwarandu," alisema taratibu, "tangu lini ukanipokea kwa shoto?"

Mwarandu akainamisha macho. Alijua amemvunjia heshima mtu mzima mbele ya jamaa zake, na alijua pia kwamba kusema kweli ni kubaya zaidi. "Niwie radhi, Mzee. Ni bega."

"Hebu inua mkono."

Akauinua. Ulifika usawa wa kifua, ukakataa.

Kando ya Mzee Ghanim alikuwa ameketi Mahfudh, mtoto wa dada yake, kijana mpole aliyekuwa amepata leseni ya udereva si zamani sana. Leseni hiyo alitembea nayo ndani ya mfuko wa shati, na kila mara akiugusa mfuko kama mtu agusaye hirizi. Mwarandu aliuona mkono wa Mahfudh ukipanda mfukoni, na roho yake ikashuka hadi kwenye nyayo. Aliogopa, wala si kidogo. Kile kiti cha Subira ndicho kilichomfanya awe mtu. Akiwa juu yake, wavunja mawe wa Junda humpungia mkono, akina mama humwekea maembe, na akienda Ribe hata wakubwa zake humwita Dereva. Akishushwa, atabaki mzee mwenye bega bovu anayenuka mbarika.

Mzee Ghanim alitafuna tende, akaitema kokwa, akafikiri. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. "Siwezi kumtupa mtu kwa makosa ya chuma. Kuna fundi Changamwe, asema aweza kututilia usukani mwingine, mwepesi. Tutautia. Na kama baada ya hapo hutaweza, Mwarandu, tutakaa papa hapa tuzungumze tena, mimi na wewe, kwa uzuri."

Mwarandu alishukuru. Lakini lile neno la mwisho, "kwa uzuri", aliligeuzageuza kichwani njia nzima hadi nyumbani.

Fundi wa Changamwe aliitwa Fundi Babu. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye karakana ya mabati kando ya barabara iendayo Port Reitz, na hulka ya kugombana na vyuma. Nati ikikataa kufunguka aliitukana kwa jina, na ikifunguka aliisamehe. Alikuwa na lori changa lililoungua nyuma likabaki zima mbele, na kutoka hapo alitoa boksi ya usukani iliyokuwa haijazeeka.

"Njoo utazame," alimwita Mwarandu, akamwonyesha boksi ya zamani ya Subira imefunguliwa kama samaki. "Humu, chuma yasugua chuma. Imesuguana hadi imekwisha, ndiyo maana wewe ukizungusha humo ndani hamna mtu. Sasa hii mpya ina gololi." Akammwagia gololi mbili tatu za chuma kiganjani mwake. "Hazisugui, zabingirika. Watoto wote wajua kubingirisha gololi, nyinyi watu wa malori ndio mwajua leo."

Akakata, akachomelea, akanyoosha, akatia pini mpya magurudumuni na grisi hadi ikafurika. Alipomaliza akamwambia Mwarandu neno moja ambalo Mwarandu alilisikia kwa sikio moja tu, kwa kuwa furaha ilikuwa imeliziba la pili. "Usukani huu wajua njia ya kurudi kwake. Ukishakata kona, uachie, utarudi wenyewe. Usiushike kama umemkamata mwizi."

Mwarandu akapanda, akaujaribu hapo hapo uani basi likiwa linanguruma. Kwa kidole kimoja, kidole kimoja tu cha mkono ule ule wa bega bovu, magurudumu ya Subira yakageuka. Akayarudisha. Akayageuza tena. Macho yakamjaa machozi na hakuyaficha. Tsuma alipanda kidato kwa mazoea, akatia mikono dirishani, akakuta hakuna cha kuvuta. Akairudisha mikono yake na kuitazama kama watu waliofutwa kazi.

Fundi Babu alikuwa na desturi yake: gari alilolitengeneza hulirudisha yeye mwenyewe hadi mlangoni kwa mwenye gari. Akaliendesha Subira kutoka Changamwe, akakata mji, akavuka daraja la Nyali, akalisimamisha mbele ya duka la Kisauni, huku Mwarandu na Tsuma wameketi nyuma kama mabwana. Njia nzima basi lilikwenda kama maji mtungini. Jioni ile Mwarandu alikula wali sahani mbili, na Nyamvula akaiweka chupa ya mbarika juu kabisa ya kabati.

Kesho yake, alfajiri, basi likajaa. Mwarandu akatia gia, akatoka Kisauni kuelekea mjini, na mikono yake ikaanza kufanya kazi iliyoizoea. Kulia kushoto, kulia kushoto.

Sasa lakini humo ndani mlikuwa na mtu. Mikono ikienda kulia, Subira likaenda kulia. Ikienda kushoto, likaenda kushoto. Kuku wa juu ya paa walipiga kelele, vikapu vikahama upande mmoja hadi mwingine na wenyewe wakavifuata, na mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa akija mbele alitazama mara moja, akajipeleka majanini kwa hiari yake. Mwarandu akaona hatari, akafanya alilolijua: akaushika usukani kwa nguvu zaidi na kuchekecha kwa bidii zaidi. Basi likazidi kucheza.

"Mwarandu, wewe!" mtu alipiga kelele nyuma. "Leo umekunywa nini?"

Darajani alivuka kwa mwendo wa jongoo, na magari yaliyokuwa nyuma yake yakapiga honi hadi yakachoka. Safari ya kurudi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu pale Mwembe Tayari alipanda Bi Alawiya.

Bi Alawiya alikuwa mama wa Kimvita, mpishi wa mahamri na mbaazi za nazi. Kila asubuhi alitoka mjini na sufuria lake kwenda kuwalisha wavunja mawe wa Junda. Miaka yote hiyo alikaa kiti cha mbele, karibu na dereva, na sufuria mapajani, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa. Kwa Subira la zamani kitambaa kilitosha. Siku ile hakikutosha. Walipofika karibu na Kisauni mbaazi zilikuwa zimepita chini ya kifuniko na kuteremka juu ya buibui jipya, za moto, pamoja na nazi yake.

Basi liliposimama Bi Alawiya aliliweka sufuria chini. Alisimama, akamwinamia Mwarandu, akamnusa mdomo mbele ya watu wote. Watu wakangojea hukumu.

"Hanuki," alitangaza Bi Alawiya, kwa huzuni kubwa, maana ulevi una dawa. "Basi ni maradhi. Mungu amjalie shifaa, na mimi anijalie buibui jingine."

Lakini nani husikiliza habari isiyo na utamu? Kufika adhuhuri Kisauni yote ilijua kwamba Mwarandu amelewa asubuhi. Kufika jioni habari ilikuwa imeingia kanisani, na Rispa, kiongozi wa kwaya, alifika nyumbani kumpa Nyamvula pole. "Lisemwalo lipo," alisema Rispa, "na kama halipo laja." Nyamvula, ambaye mumewe hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza kabla ya kuinywa, alimsindikiza Rispa hadi barabarani kwa adabu, kisha akarudi ndani akalia kwa hasira.

Mwarandu hakuwa na shaka na aliyekosea. "Fundi Babu ametuharibia gari," alimwambia Mzee Ghanim. "Usukani haukai."

Basi likarudishwa Changamwe, safari hii Mzee Ghanim na Mahfudh wakiwamo. Fundi Babu alisikiliza mashtaka mikono kiunoni. Akaliinua basi kwa jeki, akayatikisa magurudumu, akagonga hapa, akakaza pale pasipohitaji kukazwa. Halafu akapanda akaliendesha kuelekea Port Reitz na kurudi, na alipoingia uwanja wa mchanga ulio mbele ya karakana, matairi yaliacha mistari miwili iliyonyooka kama ya daftari la mwalimu.

"Wewe, kijana," akamwita Mahfudh, "una leseni? Jaribu."

Mahfudh akamtazama mjomba wake, akapanda, akaenda, akarudi. Mistari ikanyooka. Aliposhuka hakutabasamu wala hakuringa. Aliangalia chini kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Adabu hiyo ilimuumiza Mwarandu kuliko kama angecheka.

Akapanda yeye. Aliporudi na kuzima injini, wote walikuwa wamesimama wanautazama mchanga. Kando ya mistari ile iliyonyooka ilikuwapo njia ya nyoka. Subira lilikuwa limepona. Mgonjwa alikuwa yeye.

"Jumamosi," Mzee Ghanim alisema wakiwa njiani kurudi, na sauti yake ilikuwa ya huruma, "nitapanda mwenyewe, niende mjini nirudi. Baada ya hapo tutajua la kufanya."

Ijumaa alasiri Mwarandu alikaa uani kwake, juu ya kigoda, hana la kufanya. Nyamvula alikuwa akichambua mchicha. Akainua macho akamtazama mumewe, akarudi kwenye mchicha, akamtazama tena.

"Baba," alisema, "mikono yako inachekecha."

Mwarandu akatazama. Mikono ilikuwa juu ya magoti yake, haikushika chochote, na ilikuwa ikienda na kurudi, kulia kushoto, yenyewe. Alicheka. Kicheko kilipokwisha alijikuta ana uchungu kifuani.

"Nimeifundisha miaka yote hii," alisema, "na imefuzu. Sasa naiambiaje kwamba shule imefungwa?"

"Iambie itulie."

"Haisikii, mama. Nikiilazimisha itulie ndiyo inakaza, na nikikaza ndiyo basi linaruka. Mazoea yana taabu."

Nyamvula aliendelea kuchambua mchicha wake, akamwacha na mikono yake.

Nyuma ya ua, jirani yao Kazungu alikuwa akiteremka mnazi. Kazungu alikuwa mgema, na kila alasiri Mwarandu alimwona akishuka na kibuyu cha tembo kimening'inia kiunoni, na kila alasiri aligeuza uso, kwa kuwa tembo hakulitaka hata machoni. Siku hiyo hakugeuza. Mnazi ulikuwa ukiyumba, Kazungu akiyumba nao, kibuyu kikiyumba kivyake. Mikono ya Kazungu ilikuwa kwenye mnazi. Kibuyu hakukigusa. Na tembo halikumwagika.

Mwarandu akakumbuka. Baba yake naye alikuwa mgema kule Ribe, na siku ya kwanza alipompandisha mwanawe mnazini, kijana alishuka amekikumbatia kibuyu kwa mkono mmoja kisitikisike. Alifika chini kibuyu ni nusu, na nusu nyingine ameoga. Ndilo tembo pekee lililopata kuugusa mwili wake maisha yake yote. Baba yake hakumpiga. Alisema tu, "Kiache. Kibuyu kina akili zake. Kinayumba kikarudi. Wewe ukikishika ndiyo unakimwaga."

Usukani huu wajua njia ya kurudi kwake, Fundi Babu alikuwa amesema. Usiushike kama umemkamata mwizi.

"Loo," Mwarandu alisema peke yake.

"Nini?" Nyamvula akauliza.

"Hakuna. Nimewasikia wazee wawili wakisema neno moja."

Jumamosi asubuhi Mzee Ghanim alipanda amevaa kanzu nyeupe na koti, akaketi benchi la kwanza nyuma ya dereva. Mahfudh akaketi ubavuni pake. Abiria walipomwona mwenye basi wakajua kuna mahakama leo, na wale waliokuwa na maneno ya siasa, kama pwani itakuwa na serikali yake au itakwenda na bara, waliyaahirisha. Uhuru ungekuja tu. La Mwarandu lilikuwa la leo.

Safari ya kwenda mjini haikuwa nzuri. Mwarandu alijua la kufanya, lakini kujua kulikuwa kichwani na mikono iko mbali. Aliilegeza, ikatulia kidogo, kisha alipofikiria jambo jingine ikarudi kuchekecha kwa siri, na Subira likatikisa kichwa. Alisikia tasbihi ya Mzee Ghanim nyuma yake, punje zikigongana, na kila basi lilipoyumba zilikwenda mbio zaidi. Mahfudh alikuwa amekamata mfuko wake wa shati.

Pale Mwembe Tayari Bi Alawiya alikuwa akingoja, na sufuria lake limefungwa kitambaa juu ya kitambaa, na juu yake kamba.

"Sabalkheri, Bi Alawiya," Mwarandu alisema.

"Sabalkheri, mwanangu. U mzima leo, au bado?"

"Bi Alawiya, nina ombi. Liweke sufuria hapa, juu ya kifuniko cha injini, karibu na goti langu. Na ulifungue."

Bi Alawiya alimtazama kama aliyetukanwa. "Nilifungue nini?"

"Sufuria, mama. Litoe kifuniko kabisa."

"Mtume! Ewe Mwarandu, buibui moja halikukutosha?"

"Nataka niione mbaazi. Nikiiona nitaendesha." Akashusha sauti, kwa kuwa nyuma yake tasbihi ilikuwa imenyamaza. "Nakuomba, Bi Alawiya. Leo wananishusha."

Bi Alawiya alimtazama tena, safari hii kwa muda. Kisha akaanza kufungua kamba, akafungua kitambaa cha kwanza, akafungua cha pili, huku akinung'unika, na akaliweka sufuria lake lililojaa hadi ukingoni juu ya kile kifuniko kilichokuwa kati ya kiti cha dereva na kiti chake. Akaliegemeza kwa vitambaa lisiteleze. Harufu ya nazi na bizari ikajaa basini. "Likimwaika tone moja," alisema, "wallahi ntakuvika sufuria hili kitwani, na kesho uende nalo kanisani."

"Nimekubali," alisema Mwarandu.

Akatia gia. Akauwekea usukani ncha za vidole tu, kama mtu aliyemshika mtoto mkono asianguke. Walipokata kona ya kwanza uso wa mbaazi ulilala upande, akauachia usukani, ukarudi wenyewe vidoleni mwake, na mbaazi nazo zikarudi. Zilikuwa na akili zao. Mikono ikataka kuchekecha. Akatupa jicho sufuriani: uso wa mbaazi ulitetemeka, kama unamwonya. Akalegeza. Ukatulia. Baada ya hapo hakuhitaji kutazama sana, goti lake lilisikia joto la sufuria na hilo lilitosha kumkumbusha.

Wakafika darajani. Maboya yalikuwa yakipanda na kushuka na maji, na zamani hapo ndipo alipokuwa akipigana vita vyake vikubwa. Aliliacha daraja lipande. Aliliacha lishuke. Alikuwa juu ya mnazi wa baba yake, na kibuyu kiko kiunoni, na hakukigusa. Subira likapita katikati, likatoka ng'ambo, likaanza kupanda kuelekea Kisauni.

Nyuma yake kulikuwa kimya. Hata tasbihi hakuisikia. Mwarandu alifikiri ni hofu, au ni ule ukimya wa watu wanaongojea kusema neno zito kwa adabu, na hakuthubutu kugeuka. Akapita Kisauni, akashika njia ya Junda, mashimo yake na michanga yake, bega lake limelala kama halijawahi kuuma, hadi akauingia uwanja wa mwisho na kusimama.

Bi Alawiya aliinama juu ya sufuria akalichunguza ukingo wote, upande huu na upande huu, kama hakimu anayetafuta sababu. "Halikumwaika," akasema mwishowe, kama mtu aliyedhulumiwa.

Abiria wakaanza kupiga makofi. "Hongera, Dereva! Mwarandu Chekeche, hoyee!"

"Nyamazeni!" Bi Alawiya akawakemea. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Lakini alikuwa amekwisha kuchukua hamri moja nene, akalichovya ndani ya mbaazi, akamnyooshea Mwarandu, naye akalipokea kwa mkono wa kulia bila kufikiri. "Tena shusheni sauti," Bi Alawiya akaongeza. "Hebu tazameni hapo nyuma."

Mwarandu akageuka.

Mzee Ghanim alikuwa amelala. Kichwa chake kimeegemea nguzo ya dirisha, kofia imeteremka hadi kwenye nyusi, tasbihi imemponyoka na kuanguka sakafuni. Ubavuni pake Mahfudh naye alikuwa amelala, kinywa wazi, na mkono wake umetoka mfukoni ukalegea mapajani. Tangu Subira lilipokuwa basi, hakuna mtu aliyewahi kupata usingizi ndani yake. Hata watoto wachanga walikuwa hawalali.

Mwarandu aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu, hamri likimdondoshea mchuzi kidoleni. Kiti kilikuwa chake. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumwambia. Alifurahi hadi akahisi kifua hakimtoshi.

Ndipo Tsuma alipokuja mbio kutoka nyuma, kwa mazoea yake, akapanda kidato, akatia mikono dirishani, akakifungua kinywa chake ili apige ile kelele. Mwarandu akamwekea kidole mdomoni, akamwashiria nyuma. Tsuma akachungulia, akaona. Akaitazama mikono yake isiyo na kazi, akataka kuitoa.

"Iache," Mwarandu alinong'ona. "Shika."

Tsuma akaushika usukani kwa kidole kimoja. Mwarandu akaushika kwa kidole kimoja.

"Harambee," Tsuma akanong'ona.

"Eee," basi zima likaitikia, kwa sauti ya chini, na Subira likageuka polepole juu ya mchanga, wenye basi wasiamke.